Mwaka wa Ukurasa Safi

Bi Zaina, aliyekuwa mtunza mafaili wa ofisi yetu, alizikwa kwao Kondoa, na wiki moja baadaye sisi tulioshindwa kusafiri tukakusanyika Makole, hapa Dodoma, nyumbani kwa mdogo wake, kumsomea dua. Nilikaa ndani na wanawake, karibu na mlango, sahani ya wali ikiwa mapajani. Pazia lilikuwa jepesi, na nje, kwenye mkeka wa wanaume, nikaitambua sauti ya Bosi Temu, aliyekuwa mkuu wangu kazini, kabla sijayaelewa maneno yake. "Marehemu alikuwa kabati lenye kufuli," alikuwa akisema. "Ukimkabidhi jambo, limekwisha. Si kama hawa vijana wa kompyuta. Mnamkumbuka yule binti aliyetuanika mpaka Bahi?" Wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kujibana. Binti huyo ni mimi. Nilifikiria kutoka nje, nikafikiria maneno ya kusema, nikayapanga na kuyapangua, nikajiuliza kama ni adabu kujibizana kwenye dua ya marehemu, na nilipomaliza kujiuliza wanaume walikuwa wameshanawa mikono na kuondoka. Ndivyo nilivyo. Jibu langu huwa tayari wakati niliyetaka kumjibu ameshafika kwake. Basi jibu ni hili, na naliandika ili asije akasema sikumjibu.

Najua mtu wa umri wangu anaambiwa aishi kwanza, kumbukumbu aandike akizeeka. Nimelifikiria hilo pia, siku tatu nzima, na nimeamua kutolijali. Mwaka mmoja ukikugeuza, hauhitaji mvi ili kuusimulia. Na niseme mapema jinsi ulivyoisha, maana sipendi msomaji akae roho juu kwa ajili yangu: mkataba wangu haukuongezwa, na nilichokifanya kwenye tovuti ya ofisi kilifutwa siku ya tatu. Aliyekuwa hatarini hakuwa mimi. Alikuwa mwendesha pampu aitwaye Yohana Ndahani, ambaye sikuwa nimewahi kumwona, na ambaye kwa wiki sita aliitwa mwongo kwa sababu yangu.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo. Nilipata mkataba wa miezi kumi na miwili kwenye mradi wa maji uliokuwa umepanga ghorofa ya pili ya jengo moja Makole, na kazi yangu ilikuwa kuandika miongozo ya waendesha pampu wa vijijini na kuiweka kwenye tovuti. Namna ya kuwasha pampu, namna ya kuizima, taa ipi kwenye boksi la umeme ina maana gani, mota ikijizima yenyewe ipumzishwe muda gani kabla ya kuwashwa tena. Kurasa arobaini na tatu kwa jumla, za Kiswahili chepesi, ambazo mtu angeweza kuzifungua kwa simu akiwa amesimama kwenye kisima. Tulikuwa na meza tatu na dirisha moja lisilofunga vizuri. Kila asubuhi nilikuta vumbi jekundu juu ya kibodi, nikalifuta kwa kitambaa kibichi, na saa nne lilikuwa limerudi. Bosi Temu, mkuu wa kitengo chetu, alikuwa mtu nadhifu kuliko chumba chake. Shati lake halikuwahi kukunjamana. Alipenda kusema "ukurasa safi." Alikuwa akipita nyuma ya kiti changu, anainama kidogo kuelekea skrini, anasema, "Yunis, nataka ukurasa safi," kisha anaendelea na safari yake kama mchungaji aliyekwisha kubariki.

Mwezi wa pili, kwenye kikao cha Jumatatu, niliuliza swali nililokuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Programu tuliyoitumia ilihifadhi yenyewe kila badiliko: nani kabadilisha, lini, maneno gani yametoka na yapi yameingia. Ila ni sisi wa ofisini tu tulioyaona. Kwenye mipangilio kulikuwa na kisanduku kidogo, ukikiwekea tiki, historia hiyo inaonekana chini ya kila ukurasa kwa yeyote anayesoma. Nikasema nadhani tukiwekee tiki. Sauti yangu ilitoka nyembamba. Bosi Temu hakunicheka, na hilo nampa. Alijibu kwa hoja. "Mwongozo si mahali pa kuungama," alisema. "Mtu yuko kwenye kisima, ana bando la kuungaunga, jua linampiga. Umwonyeshe kwamba tumebadilisha mara tisa? Ataamini nini? Na akisoma namba ya zamani akadhani ndiyo ya sasa? Daktari akikuandikia dawa, anakuonyesha na zile alizofikiria akaziacha?" Wenzangu wakatikisa vichwa. Mimi pia nikatikisa, maana hoja ya namba ya zamani ilikuwa ya kweli na nilihitaji muda wa kuifikiria. Nilipopata la kusema, kwamba historia ingeweza kukaa chini kabisa na neno USITUMIE mbele ya kila kilichofutwa, na kwamba dawa ya daktari ina tarehe juu yake, kikao kilikuwa kimeshafika kwenye mafuta ya gari.

Nikashuka chini kulalamika kwa Bi Zaina. Masjala yake ilikuwa chumba cha chini kabisa, baridi hata mwezi wa kumi, chenye rafu za chuma na harufu ya gundi. Alikuwa amestaafu serikalini, na mradi ulikuwa umemwajiri apange mafaili. Aliyapanga kama alivyofundishwa ujanani: kila karatasi inayoingia kwenye jalada inapewa namba ya folio kwa kalamu nyekundu, kwa mfuatano, na ikishapewa namba haitoki. Barua ya kijinga haitoki. Barua iliyofuatwa na barua nyingine inayoikanusha, nayo haitoki. "Nimewahi kuombwa na mkubwa mmoja nimchomolee folio ya tano," aliniambia, miguu ikiwa juu ya kigoda, akimenya karanga. "Nikamwambia, anza kunichomoa mimi." Nilidhani nimepata mwenzangu. Nikamweleza habari ya kisanduku. Akaniangalia kama mtu aliyeona mtoto anakwenda sokoni bila viatu. "Kutunza ni jambo moja, mwanangu, kuonyesha ni jambo lingine. Jalada lina kamba. Ukiliacha wazi, upepo huu wa Dodoma utalisomesha mji mzima." "Si ndiyo nataka, mji usome?" "Mji haujui kusoma jalada. Mji unajua kusoma jina." Akanimiminia karanga kiganjani, na ikawa kama kesi imefungwa.

Mwezi wa tatu niliandika ukurasa wa kupumzisha mota. Niliupenda kuliko zote. Niliandika: "Iache mota ipumzike dakika tano, kama mtu aliyetua gunia." Niliisoma sentensi ile mara nyingi nikijipongeza, mimi ambaye husoma ujumbe wa simu mara sita kabla ya kuutuma, nikitafuta kosa kwenye gunia na wala si kwenye dakika. Mwezi wa tano, nikitafuta kitu kingine kabisa, nikagundua kwamba nilikuwa nimechukua muda ule kwenye kijitabu cha pampu ndogo za bustani. Pampu za visima vyetu, mota ikijizima kwa joto, zilitakiwa kupumzishwa dakika thelathini. Nikamwendea Bosi Temu. Hakunyanyua macho. "Rekebisha. Usipige kelele." "Nisiwatangazie waendeshaji? Huenda kuna walioisoma." "Ukitangaza, utawachanganya. Atakayefungua leo atakuta sahihi. Na hilo gunia litoe." Nikarudi kwenye kiti. Nikaandika thelathini, nikalitoa gunia. Programu ikaniuliza, kwenye kimstari kidogo, sababu ya badiliko. Nikapaacha wazi. Nikahifadhi, na zile dakika tano zikawa kama hazijawahi kuandikwa na mtu.

Hapa ndipo ningependa kuruka, na ndiyo maana siruki. Nilifurahi. Mimi niliyesimama kikaoni mwezi wa pili nikitaka historia ionekane, mwezi wa tano nilimshukuru Mungu kwamba haionekani. Nilikwenda kula nikiwa mwepesi. Tulikuwa tukila nyuma ya jengo, kwa mama lishe mmoja aliyepika ugali wa uwele na mlenda, na siku ile nilikula mpaka nikaongeza. Watu wengi wanaotetea ukurasa safi, naamini, hawafikirii wasomaji hata kidogo. Wanafikiria ule wepesi. Naujua, nimeuonja, ni mtamu kuliko mlenda. Nikisikia leo mtu anasema historia ya mabadiliko inamchanganya msomaji, huwa natamani kumuuliza: wewe mwenyewe ulirekebisha nini wiki iliyopita, na uliposhinikiza kitufe ulijisikiaje?

Ilikuwa pale pale kwa mama lishe, mwezi wa tisa, kiangazi kimekaza, nilipowasikia madereva wetu wawili wakizungumza kwenye benchi la nyuma yangu. "Kule ng'ambo ya mashamba ya mpunga, Bahi kule, kuna mzee kaunguza mota," mmoja alisema. "Inajizima, anaiwasha, inajizima, anaiwasha. Mpaka ikanuka." "Kaelekezwa na nani?" "Si ndiyo kichekesho! Anasema simu ndiyo ilimwambia. Injinia kafungua simu mbele ya watu, kamwonyesha, imeandikwa thelathini. Mzee anakomaa, hapana, iliandikwa tano. Watu wakamzomea. Eti simu imegeuka." "Simu yake ina mapepo," mwenzake akasema, na mama lishe naye akacheka, akaniuliza kama nataka mlenda zaidi. Nilikuwa nimeshika tonge mkononi. Sikumbuki nililiweka wapi.

"Shikamoo, Bi Zaina."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Hujala. Uso huo si wa mtu aliyekula. Kaa, nilikuwa nakuja kukuita." Jalada la Bahi lilikuwa tayari mezani kwake. Bi Zaina alisoma kila kilichopita mikononi mwake, ingawa aliapa kwamba hasomi. Akalifungua penye folio ya kumi na saba, ripoti ya injinia: mwongozo uko wazi, muda ni dakika thelathini, mwendeshaji Yohana Ndahani hakuufuata, uzembe. Kamati ya maji ya kijiji imshauri kuacha kazi. Nyuma yake kulikuwa na nakala ya karatasi ya daftari la shule, iliyochukuliwa kwa mzee huyo kama utetezi wake. Mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Alikuwa amenakili ukurasa mzima mwezi wa tatu, akiandika juu mwezi alionakili, na injinia alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu: "Yeyote anaweza kuandika hivi." Nikasoma mstari wa nne. Iache mota ipumzike dakika tano kama mtu aliyetua gunia.

"Ni yako hiyo," Bi Zaina alisema. Hakuuliza.

Nilipanda ngazi huku nikihesabu. Kuanzia mwezi wa tano mpaka mota ilipoungua mtu yule alikuwa ameendelea kufanya kile nilichomwambia, kwa uaminifu, kwa mwandiko wake mkubwa, na mimi nilikuwa nimekwenda kinyume chake kimyakimya. Hakuna aliyemgeuka ila mimi. Bosi Temu alinipa kiti na chai. Ni mtu wa chai. "Nimesikia," alisema. "Sasa nieleze, ukionyesha hiyo historia leo, mota itapona?"

"Hapana."

"Basi."

"Lakini Mzee Ndahani ataachishwa kazi."

"Kamati ndiyo itaamua. Sisi tumetoa ripoti ya kitaalamu. Mwongozo uko wazi, fungua uone."

"Uko wazi leo, Bosi."

Akakoroga chai. "Yunis, wewe una akili, ila unafikiri sana, na ukifikiri sana unaanza kuona mizimu. Mradi huu una vijiji vingi. Wakijua tulikosea huku, kila pampu itakayoungua itakuwa kosa letu. Unanielewa? Tena nilikuwa naandaa barua ya kukuongezea mkataba. Usinifanye nionekane mjinga kwa kukuamini." Alisema kwa upole. Nadhani aliamini kila neno. Ndiyo maana sijawahi kumchukia, na ndiyo maana pia sikumtii.

Bi Zaina alinielekeza nifanye kwa utaratibu. "Andika dokezo. Eleza ulivyokosea, lini, nani alikuambia nini. Nitalipatia namba, litaingia kwenye jalada, halitatoka humo mpaka Kiyama." Nikaandika. Akaligonga muhuri wa kupokelewa, akachukua kalamu nyekundu, akaandika kumi na nane, akafunga kamba. Nilitoka mle nikijiona shujaa. Siku nane zikapita. Jalada likapanda kwa Bosi Temu, likashuka bila hata neno moja la nyongeza. Nilipomuuliza, alisema, "Dokezo lako liko kwenye jalada," na alikuwa sahihi. Nilipomuuliza injinia, alisema, "Si liko kwenye jalada?" naye alikuwa sahihi. Ukweli ulikuwa umetunzwa vizuri sana, una namba, una muhuri, una kamba, na Bahi hakuna hata mtu mmoja aliyeweza kuusoma. Kikao cha kamati cha kumwondoa Ndahani kilikuwa Alhamisi. Hapo ndipo nilipoachana na Bi Zaina kimawazo, kwa heshima zote. Historia inayosomwa na waliokosea peke yao haimsaidii aliyekosewa. Anayehitaji kuiona ni yule aliyesimama mbele ya watu akisema "iliandikwa tano", na ukurasa safi unamkana usoni.

Alhamisi nilifika ofisini saa moja na nusu asubuhi. Kulikuwa na mfanyakazi wa usafi tu, akideki ngazi kwa wimbo wa kanisani. Nikafungua mipangilio. Kisanduku kilikuwa kidogo kuliko punje ya uwele. Nilikaa mbele yake nikafikiria yote: kodi ya chumba, barua ambayo ingekuwa imeandaliwa, namna ambavyo kwenye usaili wangeniuliza kwa nini niliacha kazi ya kwanza, kama ninafanya haki au ninajisafisha tu, kama kuna tofauti kati ya mambo hayo mawili. Sikupata jibu la hilo la mwisho. Nikaweka tiki hata hivyo, na kwenye mipangilio hiyohiyo nikaandika neno USITUMIE litokee mbele ya kila kilichofutwa. Miaka yote nilikuwa nimedhani kwamba nikimaliza wasiwasi ndipo nitatenda, na pale nikajua kwamba wasiwasi haumalizwi. Unauacha umekaa kwenye kiti, unaondoka peke yako.

Kurasa zote arobaini na tatu zikapata mkia. Nikapitia chache. Kumbe mwenzangu wa meza ya pili alikuwa amebadilisha ukurasa wa betri mara tano, na Bosi Temu mwenyewe, kwa jina lake kamili, alikuwa amerekebisha kipimo cha klorini mara mbili kwa siku moja. Hakuna aliyekuwa msafi. Hilo ndilo analoliita kuanikwa. Sisi wote tulikuwa watu wanaokosea na kurekebisha, jambo ambalo ni la kawaida na hata la heshima, na tulikuwa tumelificha kama ugonjwa.

Bi Zaina alikuwa anafungua masjala nilipopita na mkoba wangu. "Unakwenda?" "Nakwenda." "Umeomba ruhusa?" "Hapana." Akatikisa kichwa. "Mimi sikubaliani na wewe. Sikubaliani kabisa, na ukirudi nitakuambia tena." Kisha, akiwa bado anahangaika na ufunguo, bila kunitazama: "Lakini wakikuuliza huko, dokezo lako ni folio kumi na nane. Wakisema halipo, wanipigie mimi. Nitawasomea neno kwa neno." Kwa hiyo, Bosi Temu, kama alikuwa kabati lenye kufuli, asubuhi ile kabati lenyewe lilinipa ufunguo.

Nilipanda basi hadi Bahi, kisha bodaboda kupita majaruba ya mpunga yaliyokauka, ardhi imepasuka kama kisigino. Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja chenye mabenchi, na nje akina mama walikuwa wameketi juu ya ndoo zao tupu wakisubiri kusikia. Tangu mota iungue walikuwa wakichimba maji kwenye mchanga wa korongo. "Mbukwenyi," nikasalimu chumba, kwa Kigogo changu cha kubabaisha, wakaitikia. Wanakamati sita na mwenyekiti wao, mama mnene mwenye miwani. Mbele yao, kwenye kiti cha peke yake, alikaa Yohana Ndahani, mwembamba, amevaa koti la suti katika joto lile, daftari lake magotini. Nyuma yake binti yake, Sechelela, mwenye simu, maana yeye ndiye aliyekuwa akimfungulia kurasa. Nikajitambulisha kwamba natoka mradini. Mwenyekiti akadhani nimekuja kuishuhudia ripoti. "Karibu, dada. Tunamalizia tu. Huyu baba tumemwomba akubali yaishe, hataki."

"Sitaki," alisema Ndahani. "Niondoeni kazini, kazi ni yenu. Ila mniondoe kama Yohana aliyeunguza mota. Msiniondoe kama Yohana mwongo."

"Ee, baba, simu ilionyesha thelathini, tuliona wote," mwanakamati mmoja akasema. "Au simu imegeuka?" Wawili wakacheka.

Nikamwomba Sechelela afungue ukurasa ule upya. Mtandao ulikuwa unashika mlangoni tu, akaenda kusimama pale, mkono juu. "Ni thelathini," akasema kwa unyonge. "Shuka chini," nikamwambia. "Chini kabisa. Kuna sehemu mpya." Akashuka. Nikaona macho yake yakisimama. Akasoma kwa sauti ya darasani: "Mabadiliko. Mwezi wa tano. Amebadilisha Yunis. Maneno ya zamani, usitumie: iache mota ipumzike dakika tano, kama mtu aliyetua gunia. Maneno mapya: dakika thelathini." Ndahani alifungua daftari taratibu, akaweka kidole kwenye mstari wa nne, akaunyanyua ukurasa kuwaonyesha. Mwenyekiti akavua miwani. "Na sababu?" aliuliza. "Hawakuandika sababu?"

"Imeandikwa 'Sababu', halafu hakuna kitu," alisema Sechelela.

"Yunis ni nani huko kwenu?" mwenyekiti akaniuliza.

"Ni mimi."

Simu yangu ilianza kutetemeka mkobani. Nilijua ni Bosi Temu. Nikaiacha itetemeke. Ndahani alinitazama, na ikiwa nilitarajia shukrani, na nakiri nilizitarajia, hazikuwapo usoni mwake. "Kumbe una mikono na miguu," alisema. "Wiki sita nimelala na jina la mwongo. Mke wangu ameambiwa kisimani, mume wako anagombana na simu. Na wewe ulijua."

"Sikujua kama mota imeungua. Nilijua kama nimekosea. Nilijua tangu mwezi wa tano, na sikuwaambia."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi: Bosi, mkataba, utaratibu, hofu ya kuwachanganya. Yote yalikuwa ya kweli kiasi. "Niliona aibu," nikasema.

Akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji sahihi. "Basi jaza."

"Nijaze nini?"

"Hapo palipo wazi. Sababu. Jaza sasa hivi, tukuone."

Sechelela akanipa simu yake. Nikaingia kwa jina langu na nenosiri langu, nikiwa nimesimama mlangoni ambako mtandao unashika, kamati nzima ikiwa imenizunguka na mwanakamati yule mcheshi akinipumulia shingoni. Nikaandika: "Nilikosea mimi mwandishi. Dakika tano zilikuwa za pampu nyingine. Aliyezifuata hakukosea." Sikuusoma ujumbe ule mara sita. Nikahifadhi. Sechelela akaufungua upya, akawaonyesha, nao wakapokezana simu kama kikombe cha uji wa moto, kila mmoja akisoma kwa midomo. Mwenyekiti akatangaza kwamba shauri la kumwondoa Ndahani limefutwa, na kwamba mota mpya ikija, atakayeiwasha ni huyohuyo Ndahani.

Ndahani hakuinuka. Alinyoosha kidole nje, kwa wale kina mama waliokaa juu ya ndoo. "Walionizomea hawakuwa sita," alisema. "Nenda ukawasomee."

Nikatoka juani na simu ya Sechelela mkononi. Ile yangu ilikuwa bado inatetemeka. Kina mama wakageuza nyuso. Nikasoma jina langu, nikasoma dakika tano, nikasoma thelathini, nikasoma sababu, na sauti ikatoka nyembamba kama siku ile ya kikao. "Hatujasikia!" akapaza sauti mama mmoja wa nyuma kabisa. Nikapanda juu ya jiwe lililokuwa karibu, nikasoma tena tangu mwanzo, na safari hii wote walisikia.